Kila Tarakimu na Bei Yake

Mkazi wa Isebania, mji wa mpakani katika Kaunti ya Migori, akitaka kumpigia simu jamaa yake aliyeko Sirari, mwendo mfupi tu kwa miguu, anapiga simu ya nchi ya nje. Kwa utaratibu wa kawaida wa simu za kimataifa angeanza na 000, nambari ya kutoka nje ya Kenya, kisha 255 ya Tanzania: tarakimu sita kabla hata hajaifikia nambari yenyewe. Lakini kuna njia ya mkato. Kenya, Uganda na Tanzania zimepeana misimbo ya ujirani: 005 ni Kenya, 006 ni Uganda, 007 ni Tanzania. Tarakimu sita zinakuwa tatu. Anayepiga London au Dubai hana mkato wa namna hiyo, na ndivyo inavyotakiwa: anayepigiwa mara nyingi apewe msimbo mfupi, anayepigiwa mara chache avumilie mrefu. Busara hiyo ni ya zamani na ni sahihi. Hoja yangu ni kwamba ni nusu tu ya hesabu. Urefu wa msimbo si gharama yake. Kila alama ina bei, bei hizo hazilingani, na msimbo wenye alama nyingi za bei nafuu unaweza kuushinda wenye alama chache za bei ghali. Wanahisabati wamelichambua suala hili kwa zaidi ya miaka 60, na watu wa Migori na Homa Bay wamekuwa wakililipia muda wote huo bila kuletewa risiti.

Tuanze na sharti ambalo kila msimbo wa aina hii lazima ulitimize. Mtambo wa simu haukuulizi kama umemaliza kutaja mji unaoutaka. Unasikiliza tarakimu moja baada ya nyingine, na unatakiwa kujua wenyewe pale msimbo unapokoma na nambari ya mtu inapoanza. Simu za mezani za Homa Bay na Migori zina 059. Kisii ni 058, na Oyugis, ingawa uko Kaunti ya Homa Bay, umewekwa humo pamoja na Kisii. Kisumu ni 057, Mombasa 041, Nairobi 020. Simu za mkononi huanza na 07 au 01. Mtambo ukipokea sifuri mbili mfululizo unajua mteja anatoka nje ya nchi, na tarakimu ya tatu inauambia kama anakwenda Tanzania (7), Uganda (6) au ulimwengu mwingine wote (0). Sasa tuseme mtu angeamua Nairobi ipewe 05, kwa kuwa ni jiji kubwa na linastahili msimbo mfupi. Siku hiyohiyo Homa Bay ingepotea kwenye ramani ya simu: mteja angepiga 059, na mtambo, ukishasikia 05, ungemkimbiza Nairobi. Ndiyo maana msimbo mmoja haupaswi kuwa mwanzo wa msimbo mwingine. Misimbo inayotii sharti hili nitaiita misimbo isiyotanguliana. Uzuri wake ni kwamba haihitaji pengo wala alama ya kutenganisha. Ukiisoma kutoka kushoto, inajigawa yenyewe.

Sharti hilo lina gharama yake. Mwaka 1949 Leon Kraft, mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha kwamba misimbo mifupi hula nafasi ya wengine kwa kiwango kinachoweza kupimwa. Katika mfumo wa tarakimu kumi, anayepewa msimbo wa tarakimu moja anachukua sehemu moja ya kumi ya nafasi yote. Wa tarakimu mbili, sehemu moja ya mia. Wa tatu, moja ya elfu. Jumla ya sehemu hizo haiwezi kupita moja. Kwa hiyo hakuna zawadi ya bure: ukimfupishia huyu, kuna mwingine lazima arefuke. Wakenya waliona ukuta wa hesabu hiyo mwaka 2019, nambari za simu za mkononi zilizoanza na 07 zilipokaribia kujaa na Mamlaka ya Mawasiliano ikafungua tawi jipya la 01.

Misimbo ya zamani ya miji ya Kenya inaonyesha jambo hili vizuri kuliko ya sasa. Kabla ya mpangilio wa leo Nairobi ilikuwa 02, Mombasa 011, Kisumu 035, Eldoret 0321 na Kisii 0381. Jiji kuu tarakimu mbili, miji mikubwa tatu, miji midogo nne. Hakuna uliotangulia mwingine. Ukizihesabu tarakimu, Nairobi imependelewa kuliko Mombasa. Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba tarakimu zote ni sawa, na katika enzi ya simu za kuzungusha hazikuwa sawa hata kidogo. Ulipozungusha 1, simu ilipeleka pigo moja la umeme kwenye waya. Ulipozungusha 2 ilipeleka mapigo mawili, 9 mapigo tisa, na 0, ambayo ni ya mwisho kwenye gurudumu, mapigo kumi. Mapigo yalikwenda kwa kasi ya takriban kumi kwa sekunde, na wakati wote huo mtambo ulikuwa umeshikwa ukimsubiri mtu mmoja. Kwa kipimo cha mapigo, 02 ya Nairobi ni 10 na 2, yaani 12. Na 011 ya Mombasa ni 10 na 1 na 1, ambayo pia ni 12. Msimbo mrefu na msimbo mfupi vimetoka sare. Kisumu inafikia 18. Kisii, kwa sababu ya ile 8 yake, inafikia 22, wakati Eldoret yenye tarakimu nne vilevile inaishia 16. Kusini mwa Nyanza kulilipa zaidi kwa urefu na kwa uzito wa tarakimu pia.

Wamarekani walifanya hesabu hii kwa macho mawili. Kampuni ya Bell ilipogawa misimbo ya maeneo mwaka 1947, New York ilipata 212, Los Angeles 213, Chicago 312. Zote ni za tarakimu tatu, kama za maeneo mengine yote, lakini kwa mapigo New York ni 5 tu, na hizo nyingine mbili ni 6. Alaska, ilipoingizwa baadaye, ikapewa 907: mapigo 26. Ukitazama urefu huoni upendeleo wowote. Ukitazama bei unauona mara moja. Na nambari ya dharura ya 999, tuliyoirithi kwa Waingereza, ni mapigo 27, ilhali 112 ni manne. Mtu ambaye nyumba yake inaungua angejua tofauti.

Hapo ndipo penye swali la kihesabu. Tuna orodha ya ujumbe, kila mmoja na idadi ya mara unazotumwa. Tuna alama, kila moja na bei yake. Tunataka misimbo isiyotanguliana ambayo jumla ya gharama yake ni ndogo kuliko nyingine yoyote. Alama zikiwa na bei moja, jibu lilipatikana mwaka 1951. David Huffman, mwanafunzi wa MIT, alipewa na mwalimu wake Robert Fano hiari ya kuandika insha ya utafiti badala ya kufanya mtihani. Akagundua njia fupi ya kushangaza: chukua jumbe mbili zinazotumwa kwa nadra kuliko zote, ziunganishe ziwe kama ujumbe mmoja, kisha rudia hivyo hivyo hadi ubaki na mti mmoja, ambao kila tawi lake ni alama na kila ncha ni ujumbe. Ilichapishwa mwaka 1952, na hadi leo imo ndani ya picha za simu yako na mafaili unayobana. Lakini Huffman anaweza kuunganisha ncha mbili kwa sababu anajua zitakaa kina kimoja na kulipa sawa. Tawi la kushoto likiwa nafuu na la kulia likiwa ghali, uhakika huo unaondoka, na njia yake nzuri inavunjika.

Mfano mdogo utaonyesha inavyovunjika. Usiku, mbele ya Mbita, Sindo au Muhuru Bay, mitumbwi ya omena huvua kwa taa. Chukulia kwamba mtumbwi mmoja unataka kuwaambia walioko ufuoni, kwa kuwasha na kuzima tochi, umeleta nini: omena, mbuta, ngege au fulu, na kwamba kila samaki ana nafasi sawa na mwenzake. Mweko mfupi, pamoja na giza linaloufuata, uchukue sekunde 1. Mweko mrefu uchukue sekunde 4. Njia ya Huffman, isiyoangalia bei, ingempa kila samaki mieko miwili: mfupi-mfupi, mfupi-mrefu, mrefu-mfupi, mrefu-mrefu. Sekunde zake ni 2, 5, 5 na 8, jumla 20. Sasa panga hivi: mieko mifupi mitatu kwa omena, mifupi miwili kisha mrefu kwa mbuta, mfupi kisha mrefu kwa ngege, mrefu mmoja peke yake kwa fulu. Hakuna unaotangulia mwingine. Sekunde ni 3, 6, 5 na 4, jumla 18. Mieko imeongezeka kutoka minane hadi tisa, na muda umepungua. Tena msimbo wa omena, wenye mieko mitatu, ni nafuu kuliko wa fulu wenye mweko mmoja. Mti wa matawi mawili wenye ncha nne una maumbo matano tu, na ukiyajaribu yote utaona hakuna linaloshuka chini ya 18. (Kwamba tochi moja ingeonekana katikati ya taa zote zile ni hadithi nyingine.)

Ncha zikiwa nne unaweza kujaribu maumbo yote. Zikiwa mia huwezi. Claude Shannon aligusia bei zisizolingana mwaka 1948, akitumia mfano wa telegrafu, ambamo mstari huchukua muda mrefu kuliko nukta. Richard Karp alilipa swali umbo lake kamili mwaka 1961 na kulitatua kwa milinganyo ya nambari kamili, njia inayofika lakini inayoweza kuchukua muda mrefu mno. Mwaka 1998 Mordecai Golin na Günter Rote walionyesha namna ya kujenga mti kutoka juu kwenda chini, tabaka kwa tabaka, ukihifadhi majibu ya vipande vidogo ili usivihesabu tena. Ni maendeleo makubwa, ila kazi inaongezeka haraka kadiri bei ya alama ghali inavyopanda. Kisha Golin, Claire Mathieu na Neal Young wakatoa njia ya haraka inayokaribia jibu bora kwa ukaribu wowote utakaoutaka. Inashangaza kwamba swali linaloelezeka kwa tochi na samaki wanne limewasumbua watu wa kiwango hicho.

Mfano ambao watu wengi wa pande hizi wameushika mkononi ni simu ya kabambe, ile yenye vitufe ambayo kila kitufe kinabeba herufi tatu au nne. Kitufe cha 2 kina a, b, c. A ni kubonyeza mara moja, b mara mbili, c mara tatu. Kitufe cha 6 kina m, n, o. Herufi s na z zinahitaji mara nne. Huo ni mfumo wa herufi zenye bei, na bei zilipangwa kwa kufuata alfabeti, si kwa kufuata midomo ya watu. Waluo kwa kawaida humwita mvulana aliyezaliwa usiku Otieno na msichana Atieno. Ukiliandika jina la msichana unabonyeza mara 12. La mvulana, mara 14. Odhiambo ni 16, Adhiambo ni 14. Karibu kila mwana wa kiume analipiwa mibonyezo miwili zaidi ya dada yake kwa sababu tu o imekaa ya tatu kwenye kitufe chake. Telegrafu nayo ilikuwa hivyo: nukta ikiwa kipimo kimoja na mstari vitatu, pamoja na mapengo yaliyo ndani ya herufi, a ni vipimo 5 na o ni 11.

Kabambe ina kasoro ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza: herufi zake zinatanguliana. Kubonyeza 2 mara moja ni a, lakini pia ni mwanzo wa b. Simu haiwezi kujua umemaliza mpaka usubiri kidogo au uhame kitufe. Andika omena: o iko kwenye 6, na m inayofuata iko kwenye 6 hiyohiyo. Usiposubiri, simu inadhani unaendelea na herufi ileile. Jina Otieno lina tatizo hilo mwishoni, n ikifuatwa na o. Mibonyezo ya omena ni 9, ya mbuta ni 7, ya ngege ni 8, na zote ni za herufi tano. Lakini omena na mbuta (u na t zote ziko kwenye 8) zinakudai kusubiri, ngege haikudai, na omena ndiyo inayouzwa kila kona. Kusubiri huko ndiko kunakolipwa na msimbo unaotanguliana, na hakumo katika hesabu ya herufi.

Mtu atauliza: kwa nini basi o isingewekwa ya kwanza na m ikaenda ya tatu? Otieno lingeshuka hadi mibonyezo 10, na Atieno 10 vilevile. Ni kweli. Lakini neno mama lingepanda kutoka 4 hadi 8, na Kiswahili kimejaa m kila mahali: mtu, mimi, mwalimu, mji. Katika kitufe kimoja Kidholuo na Kiswahili vinavutana, na anayeamua marudio ya lugha gani yahesabiwe ndiye anayeamua nani alipe. Hesabu haina lugha inayoipenda. Inafanya kazi na marudio iliyopewa.

Wapo watakaosema haya yamepitwa na wakati. Simu za kuzungusha zimekwisha, kila tarakimu siku hizi ni mguso mmoja, jina likishahifadhiwa halipigwi tena, na vijana wanatuma sauti. Nakubali kwamba bei ya tarakimu imeshuka karibu na sawa. Lakini tazama mpakani tena. Mteja wa Safaricom upande wa Isebania anafungua M-Pesa kwa *334#, alama tano. Mteja wa Vodacom upande wa Sirari anafungua M-Pesa yake kwa *150*00#, alama nane. Wa Airtel upande huohuo anatumia *150*60#. Misimbo hii haitanguliani kwa sababu alama # huja mwisho tu, na kila mmoja analipa hiyo alama ya ziada. Tanzania imechagua shina moja la *150* na matawi ya kampuni. Ni mpangilio safi na rahisi kuukumbuka, ila kila mteja anabeba shina hilo kila anapotuma pesa. Mguso mmoja ni kitu kidogo. Ukirudiwa na mamilioni ya watu kila siku, si kidogo tena.

Pingamizi zito zaidi linahusu usalama. Misimbo ya urefu mmoja hupoteza nafasi, lakini hulinda. Kaunti ya Homa Bay ni 043 na Migori ni 044 katika orodha ya kaunti 47. Sifuri ya mbele haina kazi kabisa, kwani tarakimu mbili zingetosha. Posta ya Homa Bay ni 40300 na ya Suna mjini Migori ni 40400, zote tano-tano. Tarakimu moja ikianguka, karani anaona papo hapo kwamba kuna upungufu. Katika misimbo ya urefu tofauti, alama moja ikipotea inaweza kusogeza usomaji wote uliofuata, na mtumbwi uliotangaza ngege ukasomwa kuwa umeleta fulu. Nadhani pingamizi hili ni la haki, na mahali penye fedha, dawa au kura ningechagua urefu mmoja bila kusita. Lakini hiyo ni sababu ya kuongeza gharama ya kosa kwenye hesabu, si sababu ya kuacha kuhesabu. Sifuri ya 043 haikaguli kitu. Ingekuwa tarakimu ya ukaguzi tungeishukuru.

Tena bei zisizolingana hazijaondoka. Zimehamia mahali ambapo mtumiaji hazioni. Arafa moja hubeba biti 1,120. Herufi za kawaida huchukua biti 7 kila moja, ndiyo maana nafasi ni 160. Alama chache kama mabano ya mraba na ile ya fedha ya yuro huhesabiwa mara mbili. Lakini ukitia alama moja tu isiyokuwamo katika orodha ya kawaida, ujumbe wote hubadilishwa uwe wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi zinashuka hadi 70. Alama inayowanasa watu wetu ni ritifaa, ile ya ng'ombe na ng'ambo kwa Kiswahili, au ng'ato na ng'eyo kwa Kidholuo. Iliyonyooka imo katika orodha. Iliyopinda, ambayo kompyuta na simu za kisasa huiweka zenyewe bila kuulizwa, haimo.

Ujumbe mrefu ukikatwa, kila kipande hupoteza nafasi kidogo kwa ajili ya kuunganishwa, kwa hiyo vipande vya aina hiyo ya pili hubeba herufi 67 tu. Chukua tangazo la herufi 150 kwa wakulima wa miwa wa Awendo au wanachama wa kikundi cha ufuoni. Likiwa na ritifaa iliyopinda mahali pamoja, linakuwa arafa tatu kwa kila mpokeaji. Likitumwa kwa watu 400, ni arafa 1,200, na kikundi kinalipia zote. Kwa hiyo ninyi makatibu wa vyama vya ushirika, walimu na maafisa wa kaunti mnaotuma ujumbe kwa wengi: kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, tafuteni kila ng' katika tangazo lenu na mhakikishe ritifaa imenyooka. Herufi zilezile 150 zitaondoka kama arafa moja.